MAJI MATULIVU YASIKUDANGANYE

Hotuba juu ya waendeshaji wapya wa mashua katika mifereji ya Uingereza

(Maneno yafuatayo yalisemwa mbele ya vijana waliokuwa wakijitayarisha kwenda Uingereza kusoma, pamoja na wazazi wao. Twayachapa hapa kwa kuwa wasomaji wengi wana watoto au ndugu walioko huko, na kwa kuwa mafunzo yake yamfaa hata mtu asiyevuka bahari.)



Nimeombwa niseme nanyi juu ya mambo yatakayowakuta ugenini. Wenzangu walionitangulia wamekwisha kusema juu ya baridi, juu ya fedha na juu ya masomo, nami sitayarudia hayo. Nimechagua jambo moja dogo ambalo hapana mtu aliyenionya juu yake nilipokwenda mimi, nalo nusura lituulie mtoto. Jambo hilo ni mashua za matembezi katika mifereji.

Nisemapo mfereji, msifikiri mfereji wa kumwagilia shamba, wala msifikiri Mfereji wa Suez upitao meli kubwa. Mifereji ninayoisema ni njia nyembamba za maji zilizochimbwa Uingereza kabla ya kuwako magari ya moshi, ili mizigo ipate kuchukuliwa kwa urahisi. Mwaka 1761 mfereji wa Duke wa Bridgewater, uliosimamiwa na fundi James Brindley, ulianza kuchukua makaa ya mawe kutoka machimbo ya Worsley kuyapeleka upande wa Manchester. Farasi mmoja, akitembea ukingoni na kuvuta kamba, aliweza kuburuta tani 25 na zaidi; mzigo huo barabarani ungetaka farasi wengi na magari mengi. Baadaye yakaja magari ya moshi, kisha malori, na mifereji ikapoteza kazi yake. Lakini watu waliipenda, wakakataa isifukiwe. Tangu mwaka 2012, yapata maili 2,000 za njia hizo katika Uingereza na Wales zimekuwa zikitunzwa na chama cha hisani kiitwacho Canal & River Trust.

Basi, mashua ambazo zamani zilichukua makaa, leo zachukua watu wa mapumziko. Ni mashua ndefu na nyembamba sana, upana wake haufiki futi 7, na ndani mna vitanda, jiko na meza. Mtu aweza kuikodi kwa wiki nzima, akalala humo, akapika humo, akapita polepole katikati ya malisho ya ng'ombe na nyuma ya nyumba za watu. Wala sheria ya nchi ile haimtaki mtu wa matembezi awe na cheti cha kuendesha. Kwa gari dogo utajaribiwa na polisi watakuuliza karatasi. Lakini mashua ya futi 57, yenye uzito wa tani 15 na zaidi, utakabidhiwa baada ya mafundisho ya muda mfupi tu. Hapo ndipo shida ianziapo.

Mwaka 2018, katika miezi ya joto ya huko, tulikodi mashua ya namna hiyo sisi watu watano: mimi, rafiki yangu mmoja mzaliwa wa Lamu, mkewe, binti yao wa miaka sita, na kijana mmoja mwanafunzi. Tulikwenda katika mfereji wa Oxford. Mfereji huo ulifika mji wa Oxford mwaka 1790, nao unajipindapinda kama nyoka, kwa sababu waliouchimba waliufuata ubavu wa vilima badala ya kuvikata.

Rafiki yangu ni mtu wa ukoo wa mabaharia. Alipoyaona maji yale ya rangi ya udongo, yasiyo na wimbi wala mkondo, akacheka. Akaniambia, "Ndugu yangu, mimi nimevuka mlango wa Kiwayu usiku wa kusi, nitashindwa na kidimbwi hiki?" Nami nikacheka pamoja naye. Mwenye mashua alipokuwa akitufundisha tulimsikiliza kwa sikio moja. Alitupa na kitabu, tukakitia chini ya mto wa kitanda. Kosa lilikuwa letu wenyewe.

Ni kweli rafiki yangu aliijua kana, ule mti wa kushika usukani, naye hakuhitaji kuambiwa kwamba ukiisukuma kuume, omo ya chombo, yaani mbele yake, huenda kushoto. Hilo huwatatiza wageni wengi siku ya kwanza, nao huenda moja kwa moja kwenye majani ya ukingoni. Lakini mfereji una tabia zake. Chombo kile hakina breki. Ukitaka kusimama huna budi kurudisha injini nyuma, kisha ungoje. Tena hakigeuki kama gari. Hugeuka kwenye kiuno chake, hata omo ikielekea kuume, tezi, yaani nyuma, huenda kushoto na kugonga kilichoko huko. Na ukiogopa kona ukaizima nguvu ya injini, usukani nao huwa umekufa, kwa kuwa hapana maji yanayosukumwa juu yake. Basi tulikwenda mrama, tukaziba mfereji wote, omo imo katika matete ya upande huu na tezi imekwama tope la upande wa pili. Watu watano tukapaza sauti tano, kila mmoja na amri yake. Wazee walinena kweli: manahodha wengi chombo huenda mrama.

Haya yalikuwa ya kuchekesha, na mtu aliyepita na mbwa wake alitusaidia kwa pondo. Yaliyofuata hayakuwa ya kuchekesha.

Yanipasa sasa nieleze kitu kiitwacho loki. Maji hayawezi kupanda mlima. Basi mfereji ukifika penye mteremko, hujengwa chumba cha mawe au matofali, chenye lango upande wa juu na lango upande wa chini. Mashua iingiayo kutoka juu hukuta chumba kimejaa. Lango la juu hufungwa nyuma yake, kisha hufunguliwa vilango vidogo vilivyo katika lango la chini, maji yakatoka, na mashua ikashuka taratibu kama mtu ashukaye ngazi. Maji yakilingana na yale ya chini, lango lafunguka, nayo yaenda zake. Vilango hivyo hupandishwa kwa ufunguo wa chuma uliopindwa kama herufi L, ambao kila mashua hupewa. Hapana injini wala mtu wa kukufanyia. Katika loki nyingi kazi yote ni ya wasafiri wenyewe.

Lakini chini ya lango la juu pana kizingiti. Ni ukuta mfupi wa mawe ambao lango huegemea, nao hutokeza ndani ya chumba kadiri ya futi tano. Loki ikiwa imejaa, kizingiti hakionekani hata kidogo, maji yamekifunika. Maji yakishuka, chatokea kama jino. Mashua ambayo tezi yake imesimama juu ya kizingiti, maji yatashuka nayo haitashuka. Tezi yakaa juu ya mawe, omo yazidi kuinama, mpaka maji yaingie kwa mbele. Kwa sababu hiyo pembeni mwa loki huchorwa mstari mweupe, na maandishi ya kumwonya mwenye chombo asirudi nyuma ya mstari ule. Sisi mstari tuliuona, na rafiki yangu hata aliupiga picha.

Tulikuwa tumepanda loki tisa za Napton bila madhara, kisha tukapita maili nyingi za tambarare za juu, mpaka Claydon, ambako mfereji huanza kushuka kwa loki tano. Kupanda kulitupa kiburi. Katika loki ya pili au ya tatu, rafiki yangu alitaka kuiondoa omo isiguse lango la chini, akairudisha injini nyuma kidogo, kisha akaisahau katika hali hiyo. Akaiacha kana, akatoa simu apige picha. Mimi nalikuwa penye lango la chini. Nikavipandisha vilango vyote viwili kwa mara moja, mpaka mwisho, kwa kuwa naliona kungoja ni kupoteza wakati. Nikageuka kutazama kondoo. Mkewe alikuwa jikoni, na binti yao amelala katika kitanda cha mbele.

Kilichonigutusha ni mlio wa vikombe na sahani zikianguka. Nikatazama, nikaona tezi ya mashua iko juu nayo omo iko chini, kama ng'ombe apigaye magoti kunywa maji. Rafiki yangu ameshika paa kwa mikono miwili. Maji yalikuwa yamekwisha kufika katika kibaraza cha mbele, yaanza kupita chini ya mlango wa chumba alimolala mtoto. Mamaye alikuwa akishuka sakafu iliyoinama kumfuata, akiteleza na kuanguka.

Nilijua ya kuwa yapasa kufanya neno, lakini sikujua neno gani. Nikaanza kukimbilia lango la juu, nikidhani nikifungulia maji ya juu mashua itaelea. Nisingefanikiwa, kwa maana maji yangeingia kwa juu na kutokea kwa chini ambako naliacha wazi. Mwanamke mmoja mzee, aliyekuwa akingoja zamu yake chini ya loki na mashua yake ndogo, ndiye aliyetuokoa. Alipiga kelele kwa sauti ambayo sikuitazamia kwa mtu wa umri wake: Chini kwanza! Funga chini kwanza! Akaondoa kizuio cha chuma, akateremsha kilango cha upande wake; mimi nikarudi mbio, nikateremsha cha upande wa pili. Maji yakasimama. Ndipo akaniongoza lango la juu, tukafungua kidogo kidogo, naye akinizuia mkono kila nilipotaka kuongeza, hata mashua ikanyanyuka kutoka mawe kwa kishindo na kukaa sawa. Mtoto alitokea amelowa miguu, akauliza ni nani aliyevunja vikombe.

Yote hayo hayakupata dakika tatu. Mama yule hakutukemea. Alituuliza tu kama tulikisoma kitabu tulichopewa. Rafiki yangu, mwana wa mabaharia, akainamisha kichwa. Jioni ile aliniambia methali ya kwao, nami nimeitunza: mwana wa maji wa Kwale kufa maji mazoea. Aijuaye bahari hudhani ameyajua maji yote.

Msidhani ya kuwa nawatisha kwa hadithi ya uzembe wetu peke yetu. Mwezi wa Agosti mwaka 1998, katika mfereji wa Leeds na Liverpool, karibu na kijiji cha Gargrave, mashua ya matembezi ilizama ndani ya loki, na watu wanne wakafa. Serikali ya Uingereza ilichunguza ajali ile kama ichunguzavyo ajali za meli baharini. Mahali pale si baharini, wala hapakuwa na dhoruba. Palikuwa na chumba cha mawe chenye maji.

Basi mkialikwa na rafiki zenu, na nyingi wenu mtaalikwa, nendeni. Ni matembezi mazuri kuliko mengi niliyoyaona. Lakini shikeni maneno haya.

Kwanza, msikilizeni anayewakabidhi chombo, na kama hamkufahamu, mwambieni arudie. Kuuliza si ujinga. Mwombeni apite nanyi loki ya kwanza, ikiwa iko karibu.

Pili, mchagueni nahodha mmoja tu, na kila mtu ajue kazi yake kabla ya kufika mahali pa hatari. Mkishuka loki, mmoja akae penye kana wala asiiache, na macho yake yawe nyuma penye mstari mweupe. Aliye penye vilango amtazame nahodha daima. Fungueni nusu, ngojeni, kisha ongezeni. Jambo lolote likienda vibaya, fungeni vilango vilivyo wazi kwanza, ndipo mfikiri.

Tatu, msiuache ufunguo wa chuma juu ya chuma chake mkaenda zenu. Kizuio kikiteleza, ufunguo huzunguka kwa nguvu za kilango chote, nao umevunja mikono na meno ya watu wengi. Ukianza kuzunguka wenyewe, jiepusheni, msijaribu kuudaka.

Nne, mashua ikielekea kugonga ukuta, iacheni igonge. Imetengenezwa kwa chuma ili igonge. Msitie mguu wala mkono kati yake na mawe. Tani 15 ziendazo polepole kuliko mtoto atambaaye zatosha kuponda mfupa. Wala msiruke kutoka chomboni kwenda ukingoni. Ngojeni ifike, kisha shukeni kwa hatua.

Tano, mtu akianguka majini, neno la kwanza ni kuondoa nguvu ya injini ili rafadha iache kuzunguka. Msirudishe nyuma kumfuata, kwa kuwa rafadha iko nyuma, nayo hukata. Mara nyingi maji ya mfereji hayapiti kifua cha mtu mzima. Mwambieni asimame, kisha mtupieni kamba. Katika loki ni habari nyingine, kwani huko ni kirefu na kuta zateleza. Asiyejua kuogelea, na kila mtoto, avae jaketi la kuokolea muda wote awapo juu ya chombo, na si siku ya mvua tu.

Sita, rafadha ikinaswa na kamba au nguo kuukuu, na itanaswa, zimeni injini na kuuchomoa ufunguo wake kabla ya kutia mkono katika tundu la kuisafishia. Mkimaliza, kifuniko cha tundu lile kikazwe sana. Wako waliokisahau, wakawasha injini, na rafadha ikawajazia chombo maji.

Saba, na hili nalisema hasa kwa sisi tuliokulia penye jiko la makaa: usiku ukiwa wa baridi, msiingize makaa ya moto ndani ya mashua mkafunga madirisha. Moshi usio na rangi wala harufu huua watu usingizini, na chumba kile ni kidogo kuliko jikoni kwenu. Tangu Aprili mwaka 2019 mashua za watu binafsi zenye vyumba vya kulala zimelazimishwa kuwa na chombo cha kupiga kengele hewa hiyo ikitokea. Kikilia, tokeni nje wote, kisha mtafute sababu. Msikitoe betri kwa kuwa kelele zake zawaudhi.

Mwisho, yako mahali ambapo hata wenyeji huuliza. Foxton loki kumi zimepangwa katika makundi mawili ya ngazi, tano tano, na vilango vyake vimetiwa rangi nyekundu na nyeupe. Chekundu lazima kifunguliwe kabla ya cheupe, la sivyo maji humwagika ovyo. Bingley, loki tano zilizofunguliwa mwaka 1774 hupanda karibu futi 60 kwa mfululizo. Pande zote mbili wako walinzi wenye kazi yao. Usiingie kabla hujasema nao.

Wazazi mlioko hapa, najua mwafikiri kwamba watoto wenu wanakwenda kusoma vitabu, wala hawaendi kuendesha mashua. Nami nalikwenda kwa kazi ya kalamu. Lakini siku ya mapumziko haina mwalimu, na ugenini kila kitu ni kipya, hata maji. Jambo lililotuponza sisi halikuwa kutojua. Kila mtu huanza kwa kutojua. Kilichotuponza ni kuona aibu ya kuonekana hatujui, tena mbele ya maji ambayo hata bata hakuyaogopa.

Binti yule sasa ni msichana mkubwa. Babaye amemfundisha kuogelea, naye mwenyewe hawezi tena kupita penye kidimbwi bila kuuliza kina chake.